Msambu wangu wa uwani umechanua baada ya miaka 14, kumbe ni dume. Niukate?

MwanaZirai (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mnivumilie nikirefusha, jambo hili limenikaba koo wiki nzima.

Mwaka 2011, nilipomaliza kujenga huku juu Amani, wilayani Muheza, nilikuta mche wa msambu umejiotea kwenye shamba letu la iliki. Ulikuwa na majani sita tu. Nikaung'oa na bonge lake la udongo nikauhamishia nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini kutoka jikoni. Marehemu baba alisimama akaniangalia nachimba shimo, akasema, "Huo watakula wajukuu zako." Nikacheka. Nilikuwa bado sijaoa hata.

Kwa wasioujua: msambu ni mti wa asili wa milima yetu hii, porini hauoti nje ya Tanzania. Upo Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa. Morogoro kuna wanaouita mkani. Wataalamu wanauita Allanblackia stuhlmannii, jina la pili limetokana na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekusanya mimea pande hizi enzi za ukoloni wa Wajerumani. Haupukutishi majani, kiangazi wala masika. Majani ni mazito, yanang'aa utadhani kuna mtu anayapaka mafuta kila asubuhi, na ukichubua gome linatoka utomvu wa njano. Porini unafika mita 35 na zaidi. Tunda lake ni kubwa la ajabu, la kahawia, refu kama mkono kuanzia kiwiko, na linaweza kupita kilo 5.

Sasa basi. Kwa miaka 14 nimeupalilia, nimeupigania na mbuzi, na kuna mwaka mchwa walikula gome robo tatu ya mzunguko nikaufungia majivu na matambara kama mgonjwa. Mwezi uliopita naamka asubuhi nakuta maua chini. Jamani nilimwita mke wangu kwa kelele hadi akadhani ni nyoka. Ua lina nyama, lina harufu nzuri. Jirani yangu mmoja mzee akaja, akaliokota, akalichana kwa kucha. Ndani kuna vishungi vitano vya chavua. Akatafuta kitumba cha tunda katikati, hamna. Akalitupa akasema, "Dume hili, mwanangu," kisha akaendelea na stori za bei ya iliki kana kwamba hajaniua.

Mama watoto anasema tukate tupande parachichi za Hass. Naombeni mawazo yenu kabla sijashika shoka.

Kijiti_Kavu

Kata mkuu. Miaka 14 mtoto anazaliwa na anamaliza la saba, wewe bado unasubiri ua. Mbao, mkaa, parachichi. Uzi ufungwe.

Mgosi72

Kijiti acha kumpotosha mwenzio.

Mgosi mwenzangu, pole, ila usikate. Msambu ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike, kila mmoja mti wake. Dume halizai lakini bila chavua yake jike nalo ni pambo tu. Babu yangu alikuwa na misambu saba shambani, mitatu dume. Alipoanza kusikia kuna watu wananunua mbegu, akayakata madume yote matatu kwa kuwa "yanakula bure". Majike manne yakaendelea kuchanua kwa fujo, matunda ndiyo yakaanza kuhesabika kwa vidole. Pale kwetu tuko mbali kidogo na msitu, wadudu hawakuwa na pengine pa kuleta chavua. Alikuja kujua kosa lake miti imeshakuwa viti na milango.

Kabla hujakata zunguka kwa majirani. Kama kuna jike mita mia mbili tatu kutoka kwako linalozaa, kuna uwezekano dume lako ndilo linalolizalisha. Wanakula matunda ya jasho lako bila kujua.

Halafu shukuru Mungu pia kwamba si jike. Hatua 20 kutoka jikoni? Kwa dada yangu tunda lilidondoka usiku kwenye banda la mbuzi, bati la geji 30 likatoboka na mbuzi mmoja akavunjika mguu. Kilo 5 kutoka mita 20 si mchezo. Mti huu unataka nafasi, wala si wa kupanda chini ya dirisha.

dar_mwenye_joto

Nimekaa paleee. Wakuu mimi niko Mbagala, nina kiwanja 20 kwa 30. Nimeupenda huu mti kwa maelezo tu. Naweza kuupata wapi na utakubali huku?

MsituMnene

@dar_mwenye_joto hautakubali, nikuambie mapema usiliwe hela. Huu ni mti wa milima yenye mvua. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuuita mkavu kabisa. Udongo wake mwekundu, wenye tindikali, na mboji ya majani iliyolala miaka. Mbagala una mchanga, joto na kiangazi cha kweli. Utaumwagilia mpaka bili ya maji ikushinde.

Ukitaka mti wa asili usiopukutika kwa Dar panda mtimaji. Kivuli chake kizito, unastahimili joto, na miche yake si ya kutafuta kwa tochi. Si adimu kama msambu, lakini utakaa chini yake.

Kwa mwanzisha uzi: mche ulioutoa shambani kwenu hauna shida. Nasema hivi kwa ajili ya wasomaji wengine, maana najua baada ya uzi huu kuna mtu atapanda basi la Muheza na panga. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani imetangazwa tangu 1997. Kung'oa mche humo bila kibali ni kosa, hata kama unaenda kuupenda nyumbani kwako. Omba kwa wakulima, misambu mingi imeachwa kwenye mashamba ya iliki kwa ajili ya kivuli na chini yake hukosi miche iliyojiotea.

Kijiti_Kavu

Mnamtetea dume kama ndugu yenu. Basi apande mhesi, miaka 14 anapata mbao mara mbili. Nao mti.

MsituMnene

Mhesi tena! Huo ndio mti uliotuletea balaa Amani. Uliletwa kupandwa kwa ajili ya mbao, hondohondo wakapenda matunda yake, wakabeba mbegu kila upenyo wa msitu. Palipokatwa mtambara au mnyasa, mhesi unaingia kabla miti ya asili haijaamka. Kama kuna kitu cha kukata uwani Amani, ni mhesi. Nimemaliza.

BiMiche

Habari zenu. Mimi nina kitalu kidogo, nimeotesha msambu kwa miaka kadhaa, na nimelia nao pia.

Kwanza, mwanangu MwanaZirai, usijilaumu. Mche wa msambu ukiwa mdogo hakuna anayeweza kukuambia ni dume au jike. Asitokee mtu akakudanganya kwa umbo la jani wala rangi ya kikonyo. Hutajua hadi ua. Ndiyo maana ninayempa miche ya mbegu simpi mmoja, nampa mitano au sita na namwambia aipande pamoja upande mmoja wa shamba. Kupanda mmoja ni kurusha sarafu, na sarafu yenyewe inakaa hewani miaka kumi na kitu.

Pili, kuotesha. Watu wanachukua mbegu, wanaianika kama maharage, halafu wanashangaa. Mbegu ya msambu ikikauka imekufa. Tunda likidondoka usilipasue kwa panga, utakata mbegu. Mimi nayalundika kivulini, nafunika kwa majani ya migomba, naacha yaoze yenyewe hadi ule ute unaoshikilia mbegu ulegee. Ukichelewa panya buku anakutangulia. Yule mnyama anajua siku tunda linapolainika kuliko wewe, anabeba mbegu moja moja na kwenda kuzifukia. Miche mingi inayoota mahali pasipo na mti mama ni kazi yake. Huenda hata wako, MwanaZirai, ulipandwa na panya.

Ukiosha mbegu na kuizika hivyo hivyo na ganda lake, jiandae. Nimeshakaa na mbegu mwaka na zaidi kwenye tuta, nikachoka nikaligeuza tuta nipande mchicha, nikakuta nyingine ndiyo kwanza zinachungulia mzizi! Tangu hapo nabandua ganda. Nalipasua taratibu kwa kisu kidogo kama anayemenya korosho mbichi, naondoa lote bila kuchubua nyama ya ndani. Kisha naziweka kwenye mfuko wa nailoni wenye maranda ya mbao yenye unyevu, si maji. Ukikamua maranda kwa ngumi yasitiririke. Nafunga mfuko, naweka kivulini, nakagua kila wiki na kutoa zilizoota ukungu. Mizizi inakuja mapema zaidi kuliko kwenye tuta, ingawa hazilingani. Mfuko mmoja utakupa mche leo na mwingine miezi mitano baadaye. Mzizi ukishajitokeza nahamishia kwenye kiriba kirefu, si hivi vifupi vya mikaratusi, maana mzizi wa msambu unapenda kwenda chini moja kwa moja na ukijikunja kwenye kiriba mti utadumaa.

Kivuli. Kivuli. Kivuli. Mche wa msambu juani unageuka rangi ya karatasi. Hata ukiupeleka shambani uanzie chini ya migomba au iliki, ukishapita kimo chako ndipo upunguze kivuli kidogo kidogo.

Shamba_Karafuu

Assalaam alaikum. Mimi niko Pemba, msambu siujui, lakini mnachokizungumza hapa sisi tunakijua kwa mkungumanga. Nao ni dume na jike, na mkulima anangoja miaka saba ndiyo ajue kapata nini. Zamani dume lilikuwa likikatwa. Siku hizi ukilikuta dume lina shina zuri unalibebesha: unatwaa kikonyo, yaani kijitawi kichanga, cha jike linalozaa sana ukakipachika kwenye chipukizi la dume. Shina ni la dume, matawi yanazaa kungu. Ndugu yangu wa Amani, huo wako haubebesheki?

MwanaZirai

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Hilo sikulifikiria kabisa! Embe tunabebesha, parachichi tunabebesha, msambu sijawahi kuona mtu anabebesha huku kwetu. BiMiche, shikamoo mama, inawezekana?

BiMiche

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na imeshafanyika. Watafiti wa kilimo mseto walipokuja Muheza kufundisha kuotesha msambu walionyesha na kubebesha, mimi nilijifunza pale. Faida ni mbili: unajua jinsia kabla hujapanda, na hungoji miaka yote ile.

Lakini sikiliza makosa yangu usiyarudie. Mwaka wa kwanza nilichukua vikonyo kwenye matawi ya chini ya jike kwa sababu ndiyo niliyoyafikia kwa ngazi. Vilishika vizuri. Tatizo vikawa vinakua kwa kulala, vinaelekea pembeni kama tawi, havitaki kusimama kuwa mti. Kikonyo kizuri ni kinachotoka kwenye chipukizi lililosimama wima, huko juu au lililochipua kwenye kisiki. Kwako wewe unayebebesha kwenye mti mkubwa si tatizo sana, kwani unataka tawi tu, ila ukitaka miche ya kupanda chini zingatia.

Usikate mti wote. Kata matawi mawili matatu makubwa upande mmoja, ngoja machipukizi yatoke, yakifika unene wa penseli pasua katikati, chonga kikonyo kama kabari, kichomeke ngozi kwa ngozi, funga kwa ukanda wa nailoni, vika mfuko mwepesi juu kisikauke. Fanya asubuhi. Futa utomvu kila mara, ule wa njano unaganda kwenye kisu na kuharibu mkato. Upande wa pili uache udume wake. Hapo una mti mmoja wenye mume na mke.

Mtoza_Ushuru

Yote sawa, swali la mtu wa biashara: hata likizaa, mafuta yake ananunua nani? Naona watu wanachangamka tu.

Mgosi72

Swali zuri na jibu lina machungu. Mbegu ina mafuta mazito meupe ambayo kwenye joto la kawaida yanaganda, hayahitaji kiwanda kuyagandisha. Ndiyo maana kampuni za siagi ya mimea zilivutiwa. Unilever waliingia kwenye mradi huo tangu miaka ya 2000 mwanzoni, Ghana na hapa kwetu, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaidhinisha mafuta hayo kutumika kwenye siagi za kupaka. Watu huku waliokota mbegu kwa magunia. Ila soko la mnunuzi mmoja ni soko la mashaka. Kijijini kwetu wakala mmoja alichukua magunia ya msimu mzima kwa ahadi, na simu yake haijapokelewa hadi leo. Kwa hiyo anayepanda akiwaza utajiri namshauri apande iliki chini yake, iliki ndiyo ilipe ada.

MwanaZirai

@Mtoza_Ushuru mimi sikupanda kwa biashara. Bibi yangu alikuwa anakamua nyumbani. Alizikausha mbegu juu ya dari la jikoni, akazitwanga kwenye kinu, akachemsha kwenye sufuria kubwa na kuengua mafuta yanayoelea. Yakipoa yanakuwa meupe, magumu, unayavunja kama kipande cha sabuni. Akitaka kukaanga anakata kipande kwa kisu anatupia kikaangoni. Kilichobaki alijipaka miguuni, nyufa za kisigino zikapotea. Nilitaka watoto wangu wayaone hayo, basi.

MwanaZirai (mrejesho, miezi saba baadaye)

Wakuu, wengi mmeniuliza PM, naleta mrejesho hadharani.

Shoka halikushikwa. Nilizunguka kwa majirani kama Mgosi alivyosema. Jike la karibu liko bondeni, umbali wa kupiga kelele, linazaa kila mwaka, na mwenye shamba hajui dume lake liko wapi. Nilipomwambia nilikuwa nataka kukata wangu alishtuka kuliko mimi. Amenipa vikonyo bure, na asali juu.

Nilikata matawi matatu upande wa shambani, mbali na jikoni (bati nimelinunua kwa hela yangu). Machipukizi yalichelewa, nikaanza kukata tamaa, kisha yakatoka kwa mkupuo baada ya mvua. Nilibebesha vikonyo tisa. Vitano vilikauka ndani ya mwezi, nadhani ni kwa sababu nilifanya saa sita mchana siku ya kwanza, nikajifanya mjuaji. Viwili mwanangu aliving'oa akitaka kuona kama vimeshika. Viwili vimebaki. Kimoja kina majani mawili mapya ya rangi nyekundu kama shaba, ndiyo rangi ya jani changa la msambu, na kingine kimevimba macho.

Mama watoto kapanda parachichi zake tatu upande wa barabarani. Amani imepatikana, ya nyumbani nasema.

Kijiti_Kavu

Tisa kwa mbili. Hesabu ya serikali hiyo. Haya, tunda lini?

MwanaZirai

Sijui mkuu, wewe ulisema uzi ufungwe lakini kila wiki uko humu. BiMiche, Jumamosi nakuja kwako nichukue ile miche sita ya mbegu uliyonitengea, na kama ulipata vikonyo vilivyosimama niwekee vinne kwenye kitambaa kibichi. Nitafika asubuhi, saa moja, nisirudie ya saa sita.